Mfanyakazi Ndiye Aijuaye Mashine Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wafanyakazi na wasimamizi wa viwanda)



Tumeombwa tuzungumze juu ya namna ya kujenga desturi ya kuitengeneza kazi iwe bora leo kuliko jana, na kesho iwe bora kuliko leo. Tumeambiwa pia tusizidi saa moja, maana wenzetu wa zamu ya pili wanangoja kuingia. Tutajitahidi.

Siku hizi jambo hili huitwa kwa neno la Kijapani, kaizen. Kai maana yake ni badiliko, na zen ni wema. Kuna watu wakilisikia neno hili hudhani ni mtambo mpya utakaoshushwa bandarini, na kwamba mpaka ufike hapana la kufanya ila kungoja. Si mtambo. Hauji na meli, wala hauhitaji kibali cha forodha.

Yafaa tuanze na kisa chetu wenyewe. Miaka mingi iliyopita tulifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo, na jina lake tuliache. Katika banda la kufumia palikuwa na safu ya mashine karibu na ukuta wa magharibi, na safu ile ilikuwa na sifa mbaya. Kila siku, ikifika saa nane mchana, nyuzi za mtande zilianza kukatika. Ukifunga huku, wakatika kule. Fundi aliitwa, akafungua nati, akafunga nati, akaandika katika daftari kwamba mashine imetengenezwa. Kesho yake saa nane, mambo yale yale. Mwishowe msimamizi akasema kwamba wafumaji wa safu ile ni wavivu, wakishashiba chakula cha mchana husinzia. Wakakatwa posho.

Sasa, katika safu ile alikuwapo mzee mmoja mfumaji. Mzee huyu alikuwa na mazoea ya kuchukua gunia, kulilowesha maji, na kulitundika dirishani karibu na mashine yake kila adhuhuri. Na mashine yake ilikata nyuzi kidogo kuliko za wenzake. Mzee alikuwa amegundua, bila kufunua kitabu, kwamba uzi wa pamba ukikauka sana huwa dhaifu, na kwamba jua la alasiri lilikausha hewa ya upande ule wa banda. Wataalamu wa nguo walijua jambo hili tangu zamani. Ndiyo sababu mabanda ya kufumia hupuliziwa unyevu. Lakini bomba la kupuliza unyevu upande ule lilikuwa limeziba siku nyingi, na hapana mtu aliyelitazama.

Je, mzee yule alipata tuzo gani? Aliandikiwa barua ya onyo kwa kutumia magunia ya stoo bila kibali.

Sisi tulikuwapo. Tuliiona barua ile. Na tuseme kweli, hatukufungua mdomo. Tulinyamaza pamoja na wenzetu kwa kuogopa kuandikiwa ya kwetu. Kwa hiyo tusemapo leo hatusemi kama watu walio safi.

Mtazame, ndugu, hasara ya siku ile. Kiwanda kilipoteza nguo, hilo lajulikana. Wafumaji walipoteza posho yao. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa hii: banda zima, watu kwa mamia, lilijifunza kwa siku moja kwamba mtu akitumia akili yake hupata matata. Tangu siku hiyo aliyeona jambo alifumba macho. Mashine ikilia kwa sauti ngeni, watu walisema, acha ivunjike, fundi ataitwa. Desturi ya kunyamaza hujengwa upesi sana, nayo haivunjwi kwa hotuba moja kama hii yetu.

Na kwa kuwa tumeanza na uzi, tuendelee na uzi. Mwaka 1867 alizaliwa huko Japani mtoto wa seremala, jina lake Sakichi Toyoda. Kwao walikuwa watu wa kijijini, na mama yake alifuma nguo nyumbani kama walivyofanya wanawake wengi wa sehemu zile. Kijana alimwona mama akichoka, akaanza kukitengeneza kile kitanda cha kufumia: leo hiki, mwakani kile. Mashine yake ya mwaka 1924, iliyokuja kusifiwa duniani, ilikuwa na tabia moja ambayo twaomba mwikumbuke: uzi ukikatika, mashine ilisimama yenyewe. Haikuendelea kufuma nguo mbovu. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya mtu kusimama kama askari mbele ya kila mashine kuilinda; mfumaji mmoja aliweza kuangalia mashine nyingi. Waingereza, ambao ndio waliokuwa mabwana wa mitambo ya nguo, wakainunua haki ya kuitengeneza mashine ile mwaka 1929, kampuni ya Platt Brothers ya mji wa Oldham. Mwana wa Sakichi, Kiichiro, ndiye aliyeanzisha kazi ya magari, na kampuni ya Toyota ikasimama rasmi mwaka 1937.

Lakini msidhani mambo yalikuwa laini. Baada ya vita, Japani ilikuwa majivu. Mwaka 1950 kampuni ya Toyota ilikuwa karibu kufa kwa madeni. Wafanyakazi zaidi ya 1,500 waliondoka kazini, palikuwa na mgomo mkali, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Mkuu wa kampuni alijiuzulu pamoja na watu wake kuondoka. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, na wasimamizi mliopo mtatusamehe.

Mwaka huo huo jamaa yake, Eiji Toyoda, alisafiri mpaka Marekani kukitazama kiwanda kikubwa cha Ford huko Michigan. Aliona mitambo ambayo nchi yake isingeweza kuinunua hata ikiuza kila kitu. Katika mambo aliyorudi nayo, moja lilikuwa dogo na rahisi: mpango wa kuwaomba wafanyakazi watoe mawazo yao. Mwaka 1951 Toyota ikaanzisha mpango wa namna hiyo kwao. Wazo lenyewe halikuwa geni duniani. Mwaka 1880, huko Dumbarton katika Scotland, kiwanda cha kuunda meli cha Denny kilikuwa tayari na mpango wa kuwapa fedha wafanyakazi waliogundua njia bora ya kazi. Na Wamarekani wenyewe, wakati wa vita, waliwafundisha wasimamizi wa viwanda vyao somo fupi la kuihoji kila hatua ya kazi: hatua hii ni ya lazima? Kwa nini hufanywa? Ifanywe wapi, lini, na nani, kwa namna gani? Baada ya vita somo lile likapelekwa Japani. Wamarekani wakalisahau, Wajapani wakalishika. Mwaka 1950 pia alikwenda Japani mtaalamu wa hesabu kutoka Marekani, W. Edwards Deming, akawafundisha wakuu wa viwanda kwamba ubora hauletwi na mkaguzi asimamaye mlangoni mwishoni mwa kazi, bali hujengwa ndani ya kazi yenyewe. Na kuanzia mwaka 1962 wafanyakazi wa Japani wakaanza kukaa katika vikundi vidogo, wasimamizi wa chini na watu wao, kuyachunguza makosa ya sehemu yao wenyewe.

Basi hapo ndipo watu wengi husema: Ah, Wajapani! Wajapani ni watu wa namna nyingine. Sisi hatuwezi. Watu wetu hawapendi kazi.

Maneno haya tumeyasikia mara nyingi, na kwa masikitiko tumeyasikia yakisemwa na wenzetu wenyewe. Ndugu, twataka kuyajibu kwa habari za kiwanda kimoja ambacho hakikuwa Japani.

Katika mji wa Fremont, jimbo la California, kampuni ya General Motors ya Marekani ilikuwa na kiwanda cha magari kilichoanza kazi mapema katika miaka ya 1960. Sifa yake ilikuwa mbaya mno. Siku ya kawaida, mfanyakazi mmoja katika watano hakuonekana kazini. Walikuwapo waliokunywa pombe zamuni. Malalamiko ya wafanyakazi juu ya wasimamizi, na ya wasimamizi juu ya wafanyakazi, yalirundikana kwa maelfu bila kuamuliwa. Kuna mmoja aliyesimulia baadaye, bila haya, kwamba wao walikuwa wakitia chupa za soda ndani ya mlango wa gari na kuufunga, ili mnunuzi asikie kitu kikigongana asijue ni nini. Na sheria kuu ya kiwanda ilikuwa moja: mstari wa kuunda magari usisimame. Gari likipita bila skrubu, lipite. Likipita na injini iliyofungwa kinyume, lipite, litafunguliwa uani. Mwaka 1982 kiwanda kikafungwa. Wakubwa wakasema sababu ni wale wafanyakazi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1984, kiwanda kile kile kikafunguliwa tena kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikiitwa NUMMI. Kuta zile zile. Chama cha wafanyakazi kile kile, UAW. Na wafanyakazi? Katika kila kumi walioajiriwa mwanzoni, zaidi ya wanane walikuwa ni wale wale wa zamani, pamoja na viongozi wa chama waliokuwa wakisifika kwa ukali. Mamia kati yao walipelekwa Japani wakafanya kazi bega kwa bega na wenzao kwa wiki kadhaa.

Baada ya miaka miwili kiwanda kile kilikuwa kikitoa magari mazuri kuliko karibu viwanda vyote vya General Motors, yenye ubora wa kukaribiana na yale ya Japani kwenyewe. Waliokosa kuja kazini wakashuka, wasifike watano katika mia. Mwaka 1991 wafanyakazi wa kiwanda hicho walitoa mawazo zaidi ya 10,000 ya kuboresha kazi, na sehemu kubwa yalitekelezwa.

Ikiwa watu ni wale wale, ni kitu gani kilichobadilika?

Kilichobadilika kwanza ni kamba. Juu ya mstari wa kazi ilitandazwa kamba, na kila mfanyakazi, hata aliyeajiriwa jana, alikuwa na ruhusa ya kuivuta akiona kosa. Akiivuta, taa huwaka na kiongozi wa kikundi huja mbio. Anakuja kuuliza "una shida gani, tusaidiane," hakuja kuuliza "nani amefanya hivi." Kosa lisipotengenezwa upesi, mstari wote husimama. Mnaiona ile mashine ya mzee Sakichi, iliyosimama uzi ulipokatika? Ni wazo lile lile, ila sasa ruhusa ya kusimamisha imetiwa mkononi mwa mtu.

La pili ni saa. Katika kiwanda cha zamani alikuja mhandisi na saa mkononi, akamtazama mfanyakazi kwa mbali kama mwindaji atazamavyo swala, akaandika kwamba kazi hii ni ya sekunde kadhaa. Na mfanyakazi, kwa kuwa si mjinga, alikwenda polepole akitazamwa. Katika kiwanda kipya saa walipewa wafanyakazi wenyewe. Kikundi cha watu wanne mpaka sita, na kiongozi wao aliye mfanyakazi kama wao, walijipimia kazi yao, wakalinganisha njia ya huyu na ya yule, wakachagua iliyo nyepesi na salama, wakaiandika, ikawa ndiyo kanuni ya wote mpaka mtu aonyeshe iliyo bora zaidi. Kanuni iliandikwa na waliotakiwa kuifuata. Mtu huchoka kuibia kanuni aliyoitunga mwenyewe.

La tatu, wakubwa na wadogo walikula katika chumba kimoja, na hapakuwa na mahali pa kuegesha gari palipoandikwa jina la bwana mkubwa. Mtasema ni dogo. Nendeni mkalijaribu hapa kwenu, mtuambie kama ni dogo.

La nne ndilo tunalotaka kukaa nalo, maana ndilo linalowakereketa wengi mliopo hapa, hata kama hamtalisema mbele ya meneja. Nalo ni hofu.

Mfanyakazi husema moyoni: Nikionyesha kwamba kazi ya watu watano yaweza kufanywa na watatu, wale wawili watakwenda wapi? Na je, kama mmoja wao ni mimi? Ndugu wasimamizi, mfanyakazi awazaye hivyo si adui wa maendeleo. Ni mtu mwenye watoto. Hapana mtu mwenye akili atakayelikata tawi alilolikalia, hata mkimpa cheti na picha yake ibandikwe ukutani.

Pale Fremont jambo hili liliandikwa katika mkataba na chama cha wafanyakazi. Kampuni iliahidi kwamba haitamwachisha mtu kazi isipokuwa uhai wenyewe wa kampuni uwe hatarini; na hata hapo, kwanza itapunguza mishahara ya wakubwa, na kazi zilizopewa makandarasi wa nje zitarudishwa ndani. Ahadi ni maneno, na maneno hupimwa siku ya shida. Siku hiyo ilifika mwaka 1988, gari lao lilipokosa wanunuzi na kiwanda kikawa kinafanya kazi chini sana ya uwezo wake. Wote walitazamia barua za kuachishwa. Hazikuja. Watu waliozidi walipelekwa mafunzoni, na wengine wakapewa kazi ya kuitengeneza mitambo na kutafuta njia bora. Twaamini kwamba mawazo yale 10,000 ya mwaka 1991 yalipandwa mwaka 1988.

Tusiwafiche lakini upande wa pili. General Motors ilijaribu kuipeleka desturi hii katika kiwanda chake kingine cha Van Nuys, huko huko California. Walileta vikundi, walileta mafunzo, walileta maneno. Hawakuleta kuaminiana, mabwana wa kati waliogopa kupoteza ukubwa, na wafanyakazi waliona ni njia nyingine ya kuwakamua. Ikashindwa, na mwaka 1992 kiwanda kikafungwa. Na Fremont nayo, baada ya miaka 25, ilifungwa mwaka 2010, General Motors ilipofilisika na kujitoa na Toyota nayo ikaondoka. Zaidi ya watu 4,000 walikosa kazi, na kazi yao ilikuwa njema mpaka gari la mwisho. Mfanyakazi hodari hawezi kuziba kwa mikono yake tundu linalotobolewa na wenye fedha.

Na huko Japani kwenyewe si wote walioimba. Mwandishi mmoja, Satoshi Kamata, alijiandikisha kuwa kibarua wa Toyota mwaka 1972 na kutoa kitabu mwaka uliofuata, akieleza uchovu, kuumia, na mstari unaozidi kukazwa mbio. Kwa hiyo akija mtu hapa akawaambia kuboresha kazi maana yake ni kukimbia zaidi, mjue kuna mahali ambapo jina hili lilitumiwa hivyo. Kipimo chetu sisi ni chepesi: badiliko likifanywa, mwishoni mwa zamu mgongo wa mfanyakazi unauma zaidi au unauma kidogo? Kama unauma zaidi, hilo ni kukazwa mbio, liitwe kwa jina lake.

Tumewasema wasimamizi vya kutosha. Sasa zamu yenu, ndugu wafanyakazi, msituone tumekuja kuwapapasa.

Kuna wenzetu hapa ambao huficha makosa. Kitambaa kina doa, hukunjwa doa likae ndani. Chupa ina ufa, hupangwa nyuma. Kuna mafundi wanaozuia siri ya mashine isijulikane na kijana wa chini, ili fundi awe wa lazima siku zote. Akiugua yeye, banda zima limelala. Kuna neno "hiyo si kazi yangu," ambalo limeua viwanda vingi kuliko kutu. Mafuta yamemwagika njiani, watu ishirini wameyaruka, wa ishirini na moja ameteleza akavunjika mkono. Wale ishirini wote walikuwa na macho. Na kuna wanaodai walipwe kabla ya kusema neno lo lote, kana kwamba kidole kitakachonusurika si chao.

Basi tuje kwenye namna ya kuanza, maana meneja wenu ametuuliza aanzie wapi.

Asianzie kwa sanduku la maoni. Sanduku la maoni tumeliona mahali pengi: lina kufuli, ufunguo haujulikani uko kwa nani, na ndani mna maganda ya karanga. Mtu akitoa wazo lake lisijibiwe mwezi mzima, hatatoa la pili. Bora ubao mweusi na chaki mahali ambapo wote hupita, kila wazo liandikwe, mbele yake jina la mtu atakayelishughulikia na siku ya kutoa jibu. Jibu likiwa ni hapana, iandikwe hapana, na sababu yake. Watu hustahimili hapana. Wasichostahimili ni kimya.

Waanze na madogo yasiyohitaji fedha. Tuseme kijana wa kufunga maboksi hutembea hatua 20 kwenda kuchukua gundi na hatua 20 kurudi, mara 60 kwa zamu moja. Hizo ni hatua 2,400 kwa siku. Kwa siku 25 za mwezi ni hatua 60,000, karibu kilomita 42. Yaani kila mwezi kijana huyu huenda kwa miguu kutoka Dar es Salaam mpaka Kibaha, na hakuna maboksi aliyoyafunga njiani. Isogezeni gundi. Gharama yake ni mikono ya watu wawili kubeba meza.

Tena wajifunze kuuliza kwa nini, wasichoke upesi. Taiichi Ohno, mmoja wa waliouunda utaratibu wa kazi wa Toyota, alipenda kueleza hivi. Mashine imesimama. Kwa nini? Fyuzi imekatika kwa kulemewa. Mtu mvivu hubadili fyuzi akaenda zake. Kwa nini imelemewa? Beringi haikupata mafuta. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Kwa nini umelika? Pampu haina chujio, chembe za chuma zimeingia. Sasa tia chujio. Aliyebadili fyuzi angaliibadili tena wiki ijayo, na wiki ya pili yake, na katika daftari kila mara angaliandika kwamba mashine imetengenezwa, kama yule fundi wetu wa banda la kufumia. Na mtazame vizuri, katika maswali yale matano hamna "nani."

Wala msiseme kwamba kwetu hapajafanywa kitu. Hapa Tanzania walioanza kutia mikono walikuwa watu wa hospitali: mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kupanga kazi zake kwa utaratibu huu, na maneno matano ya Kijapani yenye kuanza kwa herufi S yakapata Kiswahili chake kizuri chenye S vile vile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hatua ya kwanza ni kutoa kile kisichotakiwa, na la mwisho, ambalo ndilo gumu, ni kutoachia. Wauguzi waliitangulia mitambo. Kuanzia mwaka 2013 Wizara ya viwanda, kwa msaada wa shirika la Kijapani JICA, ikaanza kuipeleka kazi hii viwandani. Jirani zetu wa Ethiopia walianza na viwanda 30 vya majaribio, na mwaka 2011 wakaunda chuo chao cha serikali cha kazi hii.

Na chombo cha kuzungumzia mambo haya si kigeni. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulitaka mahali pa kazi pawe na mabaraza ya wafanyakazi, ili mwenye kushika spana naye awe na neno katika mipango. Kwamba mengi katika mabaraza hayo yaligeuka mahali pa kusomewa taarifa na kupewa soda, sote twajua. Katika baraza lenu lijalo, badala ya taarifa ya kurasa 12, tunawaomba mjaribu kuleta mezani kitu kimoja kibovu, kitu cha kushikika, beringi au kipande cha nguo, mkakizungumze nusu saa.

Muda wetu umekwisha, na tumeona wenzetu wa zamu ya pili wamekwisha kujaa mlangoni. Kabla ya kuingia hapa, meneja ametupitisha bandani, na ndugu mmoja wa mashine ya kufungashia ametuonyesha kipande cha mpira wa ndala alichokikata akakitia chini ya sahani ya mashine yake ili isitikisike. Amekitia, anasema, tangu mwaka jana. Tulipomwuliza kama amemweleza fundi mkuu, alicheka akatazama pembeni.

Ndugu meneja, tulikuahidi kwamba hatutamtaja jina, na hatumtaji. Lakini ubao ukipatikana Jumatatu, twaomba mpira ule uwe ndio mstari wa kwanza utakaoandikwa, na mwenyewe akitaka, aandike kwa mkono wake. Sahani za mashine nyingine sita za safu ile nazo zinatikisika, tumezigusa.

Sasa mwenye swali na asimame.